Mtafiti Aliyezionea Wivu Soksi Zake Mwenyewe

Hili sikusimuliwa na mtu. Nililiona mwenyewe, kwa macho haya mawili, nikiwa juu ya ngazi. Anayebisha aje nimpeleke akaione dari niliyoifunga pale kituoni. Mpaka leo panya wanapita juu yake kwa adabu. Shule niliishia darasa la sita, nakiri, lakini wasomi nimewatazama sana kutoka juu, na kutoka juu msomi huonekana vizuri zaidi. Unauona utosi.

Palikuwa na kituo cha utafiti wa mbu, bondeni, kimezungukwa na mashamba ya mpunga. Watu wa pale walikuwa wanatafuta chambo, yaani kitu cha kuweka ndani ya mtego ili mbu aache kumfuata mtoto aliyelala, aufuate mtego. Malaria ilikuwa inapita kwenye vijiji vile kila mvua ikinyesha, kwa hiyo kazi haikuwa mchezo.

Watafiti wawili walikuwa wakishindana.

Wa kwanza aliitwa Daktari Mbelwa. Mtanashati. Kiatu chake kiling'aa mpaka ungeweza kujitazama humo ukanyoa ndevu, na kila asubuhi miguu aliipaka poda ya watoto kabla ya kuvaa soksi. Wa pili aliitwa Daktari Anyosisye, mfupi, mcheshi, mtu wa kushinda mashambani na kurudi na matope mpaka magotini. Walisoma chuo kimoja, wakaajiriwa pamoja, wakapewa ofisi moja yenye dirisha moja. Dirisha lilikuwa upande wa Anyosisye. Hapo ndipo ugonjwa ulipoanzia, kama mnataka kujua.

Mkuu wa kituo alikuwa Profesa Kokuhirwa, mama ambaye hakucheka kabla ya chai ya saa nne. Alikuwa ametangaza kwamba kitafunguliwa kitengo kipya cha chambo, na kiongozi wake atakuwa yule ambaye mtego wake utakamata mbu wengi zaidi. Kiti hicho Mbelwa alikuwa ameshakikalia kichwani. Wakwe zake walikuwa wameshaambiwa.

Chambo chake kilikuwa ndoo ya hamira na sukari guru, ikichacha inatoa pumzi kama ya mtu. Cha Anyosisye kilikuwa soksi. Basi. Alivaa soksi nyeupe za mradi kutwa nzima, alasiri akazivua, akaziweka kwenye boksi lenye jina lake, jioni zikatiwa mtegoni. Alisema mbu wa malaria anapenda harufu ya mguu wa binadamu. Watu walicheka, lakini mtego wake ulikuwa unaipita ndoo ya mwenzake, kidogo kidogo, kama mtoto anayerefuka.

Mbelwa hakulala vizuri. Siku moja alisimama chini ya ngazi yangu akiwa ameshika kikombe cha chai kilichokwisha kupoa.

"Fundi, wewe uko juu huko, unaona kila kitu. Hebu niambie. Akipiga chafya Anyosisye, ofisi nzima inasema pole. Nikipiga mimi, wanafunga dirisha. Kwa nini?"

"Labda upepo, Daktari."

"Na mbu wake wamenenepa. Watazame. Wangu wamekonda."

Nimefunga dari za watu wengi, za mapadri, za wauza mkaa, hata ya mganga mmoja. Sijapata kumwona mtu anayewaonea wivu mbu wa mwenzake.

Ikafika siku ya shindano lenyewe. Profesa alisema kesho asubuhi mitego itafunguliwa mbele ya watumishi wote, na matokeo hayo ndiyo yatakayoamua.

Alasiri ile nilikuwa stoo, juu, natengeneza kona moja ya dari iliyokuwa imevuja. Mlango ukafunguliwa, akaingia Mbelwa. Akatazama kushoto, akatazama kulia, akachungulia nyuma ya mapipa. Mtu anayefanya ubaya hatazami juu. Sijui kwa nini, lakini hatazami.

Akalifungua boksi la Anyosisye. Akazitoa soksi za mwenzake, akazisokomeza mfukoni. Kisha akakaa juu ya katoni, akavua viatu. Alikuwa amevaa soksi za mradi tangu asubuhi, nyeupe vilevile, za katoni ileile. Akazivua, akaziweka ndani ya boksi la Anyosisye. Mjusi aliyekuwa ukutani akaachia ukuta, akadondoka chali.

Mbelwa akaugeuza mguu wake, akautazama kwa fahari.

"Mguu huu," akasema peke yake, "haujawahi kuumwa na mbu hata mmoja. Kesho mtego wa Anyosisye utakuwa mtupu kama kanisa siku ya Jumatatu."

Alisema kweli, haukuwahi kuumwa. Haukuwahi kwa sababu haukuwahi kutoka ndani ya kiatu. Msomi mzima, mwenye kofia ya mahafali imetundikwa sebuleni, alikuwa ameutafiti ulimwengu wote akauruka mguu wake mwenyewe.

Kesho yake asubuhi tukakusanyika. Mtego wa Mbelwa ukafunguliwa, mbu walikuwemo, wa kawaida. Ukaletwa mtego wa Anyosisye, na kabla haujafunguliwa tuliusikia. Ulikuwa unavuma. Ule wavu wake mweupe ulikuwa umegeuka mweusi, na mbu wengine walikuwa bado wako nje wanatafuta pa kuingilia.

Profesa Kokuhirwa akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Anyosisye, umefanya nini?"

"Nimevaa soksi, Profesa. Nikazivua."

"Basi hiyo miguu si yako tena. Ni ya watoto wote wa bonde hili."

Wakapiga makofi. Mbelwa naye alipiga, kwa ncha za vidole, kama mtu anayejaribu kama pasi imepata moto.

Tangu siku ile mambo yakawa mabaya kwake. Vijana wa maabara walikuwa wakimwona Anyosisye wanainama na kusema, "Shikamoo miguu." Naye anajibu, "Marahaba, vidole navyo vinawasalimu." Mama wa jikoni alimtengea paja la kuku. Watu wa vijijini walipita kumwona daktari mwenye miguu ya ajabu, na mzee mmoja akaomba aruhusiwe kuishika.

Mbelwa aliyatazama hayo yote kutoka upande wa ofisi usio na dirisha. Zamani alimwonea wivu Anyosisye. Sasa alikuwa anazionea wivu soksi zake mwenyewe. Zile salamu zilikuwa zake. Lile paja lilikuwa lake. Yule mzee alitakiwa aushike mguu wake yeye. Na hakuweza kusema, kwa sababu kusema "ni zangu" ni kusema pia "niliiba", na kusema "niliiba" ni kukiaga kile kiti.

Lakini Profesa hakuwa mtu wa kuamini mara moja.

"Kitu kilichotokea mara moja ni hadithi," alisema. "Kikitokea tena, hapo ndipo tunazungumza. Anyosisye, utarudia mbele ya wageni kutoka makao makuu. Kikirudi, kitengo ni chako."

Safari hii Mbelwa hakugusa kitu. Alikaa, akangoja, akachezesha ufunguo mfukoni. Alijua kwamba Anyosisye atavaa soksi kwa miguu yake ya siku zote, na mbu watakuja wale wa siku zote.

Ikawa hivyohivyo. Wageni wamekaa mbele, wamepewa maji ya chupa, mtego ukafunguliwa. Humo ndani walikuwemo mbu wachache wamekaa pembeni, kama wageni wa harusi waliokosa pilau. Mgeni mmoja akamnong'oneza mwenzake. Profesa uso ukamkauka.

"Ule wa kwanza ulitia nini, Anyosisye?"

"Soksi, Profesa. Hizihizi."

"Soksi hizihizi haziwezi kuleta wingu siku ile na leo zikaleta vumbi. Kwangu mtu anayepika matokeo hapewi onyo. Uache funguo leo. Kitengo atakishika Mbelwa."

Mtaniuliza kwa nini mimi, niliyeona yote, sikusema. Nilikuwa juu ya ngazi kwenye kona ya chumba kilekile, napigilia dari, na nilitaka kusema. Nilifungua mdomo, lakini mdomo ulikuwa umejaa misumari. Fundi wa dari huweka misumari mdomoni, anayejua kazi anajua. Nikaanza kuitema mmoja mmoja, maana msumari ukiumeza hospitali ni mbali.

Nikiwa bado natema, Anyosisye akasimama. Akaweka funguo mezani, mbele ya wageni.

"Nimekubali kuondoka," akasema. "Sijapika kitu, lakini nimekubali. Ila nimefikiri jambo moja, na naomba mlisikie kabla sijatoka. Kama leo ndiyo miguu yangu, basi zile za siku ile hazikuwa soksi zangu. Ni za mtu mwingine. Sijui ziliingiaje kwenye boksi langu, na sasa haijalishi. Lakini mtu huyo yupo, labda yuko hapahapa, na miguu yake inaita mbu kuliko kitu chochote nilichokiona tangu nianze kazi hii. Mimi nifukuzeni. Yeye mtafuteni."

Mgeni mkubwa akainuka nusu kwenye kiti chake.

"Mtu huyo akipatikana," akasema, "mimi mwenyewe nitampa mkono."

Mbelwa alikuwa ameshashinda. Kiti ni chake, adui yuko mlangoni, angekaa kimya tu mpaka chai iletwe. Lakini alisikia "mtu huyo." Alisikia "kuliko kitu chochote." Alimwona mgeni mkubwa akiwa amenyoosha mkono hewani, na hakuna wa kuushika. Nilimtazama kutoka juu, utosi wake ukatoa jasho.

"Ni zangu," akasema.

Hakusukumwa na huruma, msije mkamsifu bure. Ulikuwa ni wivu uleule, safari hii amemwonea mtu asiyejulikana, na asiyejulikana huyo alikuwa ni yeye.

"Zako nini?" akauliza Profesa.

"Soksi. Niliziweka mimi. Ile miguu ni hii." Na akavua viatu palepale, na soksi, mbele za watu.

Pembeni palikuwa na kizimba cha wavu walimofugwa mbu wa maabara. Profesa akamwambia asogee. Mbelwa akaunyanyua mguu wenye poda, akausogeza karibu na wavu. Mbu wote waliokuwa upande wa pili wakahama. Wakaja wakabandikana kwenye wavu upande wa mguu, mpaka hukuona tena ndani. Akasogea kushoto, wakaenda kushoto. Akasogea kulia, wakaja kulia.

Mgeni mkubwa akaushusha mkono wake polepole, akautia mfukoni.

"Umeshinda, Mbelwa," akasema Profesa. "Miguu yako itaokoa watoto wengi. Lakini mikono yako haitagusa tena mtego kituoni kwangu. Anyosisye, chukua funguo zako. Kitengo ni chako, na huyu ndiye chambo chako."

"Lakini nitaandikwa, Profesa?" Mbelwa akauliza, bado yuko pekupeku. "Utafiti ukitoka, jina langu litakuwemo?"

Profesa akamtazama, na ingawa saa nne ilikuwa bado, akacheka.

"Daktari, umesahau taratibu tulizokufundisha? Mtafiti jina lake hutajwa. Mtu anayetafitiwa jina lake hufichwa, ndiyo haki yake, na haki hiyo tutakulindia mpaka mwisho."

Utafiti ulipotoka ulibandikwa ubaoni. Jina la Anyosisye lilikuwa juu kabisa. Mbelwa aliusoma kwa kidole, mstari kwa mstari, mpaka chini. Akajikuta. Paliandikwa kwamba harufu iliyovuta mbu kuliko zote ilitoka kwa Mshiriki Namba Saba.

Na kila alasiri hubeba soksi zake kwenye mfuko, akapita mlango wenye jina la Anyosisye, akazikabidhi. Anyosisye huzipokea kwa mikono miwili.

"Ahsante, ndugu yangu. Leo umetembea vya kutosha?"

"Nimetembea."

"Basi njoo ukae huku dirishani, upate hewa."

Mitego ile sasa iko kwenye nyumba za bonde lile. Watoto wanalala. Mama zao hawamjui Mbelwa.

Ukimaliza kusoma, mpelekee yule mwenzako wa kazini ambaye ukisifiwa wewe anakohoa. Usimwandikie neno lolote, atajua.

Funzo: Mwenye wivu humbebea mwenzake zawadi akidhani anambebea sumu, na siku akitaka kuidai, atakuta haina jina lake.

Yote haya niliyaona, nayaapia. Mjusi tu ndiye nimemtia chumvi. Ukutani alikuwepo kweli, ila hakudondoka. Alishuka kwa miguu yake, akatoka nje taratibu.