Ngiri Aliyeingia Kinyumenyume

Paukwa!

"Pakawa."

Aa, hiyo ni pakawa ya watu wenye njaa. Na mmekula, nimewaona kwa macho yangu. Paukwa!

"Pakawa!"

Haya, sasa nimesikia watu. Watoto sogeeni mbele. Nyie watu wazima msijifanye mnapita tu, kaeni chini, hadithi hii ni yenu pia.

Hapo zamani za kale, zamani hasa, bibi yake bibi yangu alikuwa hajaota jino, kulikuwa na nchi ya Ngiri. Nchi kavu. Kavu, kavu, kavu! Kiangazi kikiingia, mto unabaki mchanga mtupu. Ngiri wanautazama mchanga, mchanga unawatazama Ngiri. Na kila kiangazi walikuwapo waliokufa kwa kiu.

Ng'ambo ya milima kulikuwa na nchi ya Ndovu. Huko nako mto ulikauka, lakini Ndovu hawakufa. Walijua kunusa maji yaliyojificha chini ya mchanga. Walinusa, wakachimba, chu! chu! chu!, wakanywa. Tena walikuwa na chuo cha kufundisha kazi hiyo. Mgeni yeyote alipokelewa, mradi awe na adabu. Asiye na adabu alirudishwa kwao, na baada yake hapokelewi tena hata ndugu yake mmoja.

Ngiri wakakaa kikao. Wakamchagua Sikitu, binti mwenye pua kali. Mama yake akamshika shavu.

"Sikitu mwanangu, adabu. Ukirudishwa wewe, sisi tutakunywa nini?"

"Nitashika adabu zote ulizonifundisha, mama."

Hapo ndipo mambo yalipoharibika! Maana adabu alizofundishwa zilikuwa za wapi? Za kwao.

Akaenda. Tiki-tiki-tiki, mkia juu. Akapanda milima, akashuka milima. Tiki-tiki-tiki, mkia juu. Akafika kwa Bi Mashavu, yule Ndovu mkuu wa chuo. Ndovu wote walikuwa ndani wanamsubiri mgeni.

Sikitu akafika mlangoni. Akasimama. Akageuka. Akaingia kinyumenyume.

Msicheke! Kwao kila Ngiri huingia hivyo. Makalio kwanza, uso nje. Anayeingia na uso mbele hana adabu kabisa.

Basi Bi Mashavu akanyoosha mkonga amsalimu mgeni. Ndovu husalimiana hivi: ncha ya mkonga inaingia mdomoni mwa mwenzako. Mkonga ukaja polepole, ukatafuta mdomo. Ukapapasa huku, ukapapasa kule. Ukakuta nini?

"Mkia!"

Ewaa!

Ndovu wote wakapiga kelele, paaa! Sikitu akashtuka, akageuka. Mkonga, huo, ukaingia mdomoni mwake. Lo! Akadhani ananyongwa. Akafunga mdomo. Ngwa!

Jamani, mkonga wa Bi Mashavu!

"Mtoto gani huyu?" Bi Mashavu akafoka, anaupuliza mkonga wake. "Namsalimu, ananing'ata! Mpeni siku mbili tatu. Asipojirekebisha, kwao!"

Ajirekebishe nini? Hakuna aliyemwambia. Kila Ndovu alisema moyoni, "Atajua tu. Nani asiyejua kusalimu?"

Ikaja shida ya kulala. Ndovu hulala wamesimama. Sikitu alizoea shimo, akatafuta shimo, hakuna shimo. Akajilaza miguuni mwao. Anafumba jicho, mguu wa Ndovu huo, puu! Anaruka. Anafumba jicho, mguu mwingine, puu! Usingizi ukamkimbia.

Ikaja shida ya kula. Ndovu walivunja matawi ya juu. Sikitu akaona nyasi fupi, akapiga magoti ale, kama Ngiri wote wanavyokula.

"Maskini, miguu imemlegea!" wakasema Ndovu. "Mleteeni dawa."

Wakamletea magome machungu. Sikitu akadhani ndicho chakula cha wageni, na mgeni hakatai chakula. Akatafuna. Tumbo likalia, kuru, kuru, kuruuu! Akarudi kwenye nyasi, akapiga magoti. "Bado anaumwa!" Wakamwongezea magome.

Unasemaje wewe hapo nyuma? Kwa nini hakuuliza? Wewe siku yako ya kwanza shuleni uliuliza? Si ulirudi nyumbani kaptula imelowa kwa kuogopa kuuliza choo kiko wapi? Haya, nyamaza.

Sikitu akachoka. Asubuhi moja akashika njia ya kwao. Tiki... tiki... mkia chini.

Njiani akamkuta Yangeyange, yule ndege mweupe anayekaa juu ya migongo ya Ndovu. Naye alikuwa mgeni zamani, alitoka maziwa ya mbali.

"Wee Ngiri! Unakwenda wapi na mkia unaburuta?"

"Kwetu."

"Masomo yamekwisha?"

"Niliyekwisha ni mimi. Sijala, sijalala, nimemng'ata mwalimu. Kwetu watakufa kwa kiu na sababu ni mimi." Akalia, iii, iii, iii.

"Lia, lia," akasema Yangeyange. "Ukimaliza tuna kazi. Mimi nilipofika hapa nilimtulia Bi Mashavu juu ya kope. Kwetu ndiyo heshima! Akanichapa kwa sikio lake mara moja, nikazindukia matopeni. Afadhali wewe."

Sikitu akacheka huku machozi yanatoka.

Yangeyange akampeleka nyuma ya kichuguu, akamwonyesha shimo la Muhanga aliyehama. "Lala hapa." Kisha akaruka mpaka kwenye masikio ya Ndovu, sikio baada ya sikio: "Haumwi! Shingo yake fupi, ndiyo maana anapiga magoti! Acheni magome yenu!" Akarudi. "Sasa salamu. Ule mkonga haukunyongi. Unakuuliza, umekula? U mzima? Fungua mdomo."

Akachukua kijiti, akamtia mdomoni. Ngwa! Kijiti kikavunjika.

"Tena." Ngwa!

"Tena, na utanimalizia miti." Mara hii Sikitu akatetemeka, lakini mdomo ukabaki wazi.

"Vizuri. Na mlangoni ingia kichwa kwanza."

"Na nyuma yangu ataangalia nani?"

"Nitaangalia mimi," akasema Yangeyange.

Wakaenda kwa Bi Mashavu. Yangeyange akasimama mlangoni, uso nje. Sikitu akaingia kichwa kwanza. Akafungua mdomo. Mkonga ukaja, ukaingia. Sikitu akafumba macho. Hakung'ata.

Mkonga ukatulia. Bi Mashavu akakunja uso.

"Humu sisikii harufu ya chakula. Nasikia magome matupu. Huyu mtoto hajala! Kwa nini hukusema, mwanangu?"

"Shikamoo, Bi. Niliambiwa nishike adabu."

"Marahaba. Na ile ya kuingia kwangu makalio mbele, nayo ni adabu?"

"Ndiyo, Bi. Kwetu mgeni mwema huingia uso nje. Adui akija, amkute mgeni kwanza. Mwenye nyumba apone."

Masikio ya Ndovu wote yakaacha kupepea.

"Kumbe siku ile ulikuwa unanilinda," akasema Bi Mashavu. "Nami nikakufokea." Chozi likamdondoka. Na chozi la Ndovu si mchezo, hata Yangeyange kule mlangoni alilowa mpaka miguu.

Kuanzia hapo Sikitu akala, akalala, akasoma. Akanusa mchanga mpaka pua ikachubuka. Kiangazi kilichofuata akarudi kwao, tiki-tiki-tiki, mkia juu! Akashuka mtoni, akanusa huku, akanusa kule. "Hapa!" Chu! chu! chu! Maji hayo! Mama yake akanywa, akanyanyua kichwa, akamtazama Sikitu, akanywa tena. Mwaka ule hakufa Ngiri hata mmoja.

Mnanyanyuka? Kaeni! Nani kawaambia imekwisha?

Siku moja ardhi ya Ngiri ikatikisika. Puu! Puu! Kumbe ni Kibonge, mtoto wa Bi Mashavu, ametumwa kujifunza mizizi ya chini inayoliwa. Akafika kwa Mzee wa Ngiri. Akakumbuka adabu za kwao. Akaingiza kichwa shimoni, akanasa! Kichwa ndani, makalio nje.

"Kichwa kwanza!" Ngiri wakapiga kelele. "Mtoto gani huyu!"

Wakamvuta, wakamvuta, pwaa! Akatoka na udongo puani. Akaona haya, akanyoosha mkonga amsalimu Mzee. Mzee akayatoa meno yake, marefu, makali.

Tiki-tiki-tiki-tiki! Sikitu huyo anakuja mbio. Akajitia katikati.

"Mzee, subiri! Nianze mimi." Akafungua mdomo wake wazi kabisa.

Mkonga ukaingia. Ngiri wote wakasogea waone.

"Nimekula," Sikitu akasema. "Wewe je, umekula?"

Kibonge akashusha masikio. "Bado. Na sijui nitalala wapi."

"Kaa hapa karibu yangu. Nitakwambia mambo ya huku yote, hata yale tunayodhani unayajua."

Basi, watoto kwa wakubwa: mgeni akija, usimngoje akosee ndipo umfundishe. Mwonyeshe pa kula, mwonyeshe pa kulala, mwambie mnavyosalimiana. Na kabla hujasema hana adabu, muulize kwanza adabu za kwao.

Hadithi yangu imeishia hapo, Kibonge anapakuliwa chakula. Sasa nendeni mkalale. Atakayetoka kichwa kwanza, sawa. Atakayetoka kinyumenyume, sitamcheka.