Njia Iliyofungwa kwa Miba

Wahenga walinena kwamba kuuliza si ujinga. Methali hii hukaririwa sana na watoto wa shule, lakini wanaoihitaji zaidi ni watu wazima, hasa wale ambao kazi yao ni kuulizwa. Mtu anayeulizwa kutwa kucha huzoea kujibu, na akishazoea kujibu, ulimi wake husahau kuuliza. Ndivyo ilivyomtokea Musembi, mwalimu wa jiografia, katika vilima vya Bute.

Musembi alikuwa mzaliwa wa Mwingi. Barua ya uhamisho ilipompeleka Wajir Kaskazini, wenzake walimpa pole kama mfiwa. "Huko kuna vumbi na jua tu," walimwambia. Lakini alipofika Bute na kuviona vilima vimesimama nyuma ya mji, mawe mekundu yamepandana hadi juu, moyo wake uliruka kwa furaha. Tangu siku hiyo hakutulia. Kila Jumamosi alibeba chupa yake ya maji, akavaa raba zake na kupotelea mlimani hadi alasiri. Alizijua njia za mbuzi. Alilijua pango la popo na mwamba ulioinama kama mtu anayesujudu. Yote aliyachora daftarini na kuyapa majina. Majina yenyewe aliyatunga peke yake, kana kwamba vilima vile havikuwahi kuwa na watu.

Mwaka huo kukatangazwa shindano la klabu za mazingira. Kila shule ilitakiwa kuchora njia ya matembezi inayopitia vivutio vya asili vya eneo lake. Musembi alijiona ameshashinda. Kilichobaki kilikuwa bonde moja jembamba upande wa machweo ambalo hakuwahi kuliingia, na Jumamosi iliyofuata aliwachukua wanafunzi tisa, wengi wao wa bweni kutoka mbali, wakalikabili.

Miongoni mwao alikuwemo Ruweyda, msichana wa kidato cha tatu. Alilelewa mtaa wa Iftin, mjini Garissa, lakini sasa aliishi Bute kwa shangazi yake, mjane aliyeitwa Rukiyo. Rukiyo huyo ndiye aliyempelekea Musembi maziwa ya chai kila jioni.

Walipofika kwenye mlango wa bonde, walikuta tawi kubwa la mgunga limelazwa katikati ya miamba miwili, miba yake mirefu imeelekea njiani. Musembi alitafuta fimbo, akaanza kulisukuma kando.

"Mwalimu, ngoja kidogo," Ruweyda akasema. "Mimi ni mtu wa mjini, mambo ya mlima siyajui sana. Lakini miba haijilazi yenyewe. Si tumuulize eeddo kwanza?" Eeddo ndilo jina alilomwita shangazi yake.

Musembi akatabasamu. "Ruweyda, hapa mwalimu wa jiografia ni nani?"

Wenzake waliangua kicheko. Ruweyda akainamisha kichwa, na tawi likasukumwa kando.

Walichokiona ndani ya bonde kiliwashangaza. Chini ya kivuli cha mwamba palikuwa na bwawa la asili, upana wake kama darasa zima, maji yake baridi na maangavu. Nje kiangazi kilikuwa kimekausha kila kitu, na humu maji yametulia bila mtu wala mnyama. Musembi alilipima kwa kamba, akaliandika daftarini "Bwawa la Musembi," nao wakateremka kwa nyimbo. Hakuna aliyekumbuka kulirudisha tawi.

Laiti angeuliza, mtoto yeyote wa mfugaji angemweleza. Katika vilima vile tawi la miba ni kauli. Likilazwa njiani, maana yake ni kwamba maji ya mbele yamewekwa akiba. Yanangojea mwisho wa kiangazi, yanywewe na mifugo dhaifu na ya wajane, ile isiyoweza kutembea siku nzima hadi kisima cha mtambo wa kuvuta maji. Anayeruhusiwa kuliondoa ni mzee Nunow peke yake, msimamizi wa maji. Na likishaondolewa, maana yake ni kwamba maji yamefunguliwa, na kila apitaye anywe na wanyama wake. Bonde lile halikuwa na kufuli wala mlinzi, kwa sababu halikuwahi kuyahitaji.

Siku ya tatu akapita Barre, mfugaji mtu mzima kutoka upande wa Moyale, na ngamia wake waliokonda. Aliona njia i wazi. Alimshukuru Mungu, akamshukuru na Nunow ambaye hakuwepo, akawanywesha ngamia. Waliomfuata nyuma nao wakafanya vivyo hivyo. Kufikia Alhamisi, bwawa lilikuwa tope lililojaa nyayo.

Jioni ya siku hiyo Rukiyo alifika mlangoni kwa Musembi na chombo nusu.

"Mwalimu, leo maziwa iko kidogo," alisema. "Watu wa Barre wamemaliza maji yetu ya mlima. Wametoa miba kama wezi. Wallahi, sijui ng'ombe zangu zitafika wapi."

Musembi aliweka kikombe chini. Alijua pale pale ni mkono wa nani uliotoa miba.  Alimwambia pole, akapokea maziwa.

Aibu ni mzigo usioshuka kwa kunyamaza. Wiki iliyofuata ng'ombe mweupe wa Rukiyo alianguka njiani kwenda kisimani na hakuinuka tena. Baada ya siku mbili akafa wa pili. Kati ya ng'ombe watatu waliomlisha mjane yule akabaki mmoja. Vijana wa Bute nao hawakungoja hukumu. Walikutana na kijana wa Barre sokoni, wakampasua kichwa kwa rungu. Wazee waliona damu zaidi iko karibu. Wakaamua kwamba Ijumaa, baada ya sala, Barre aletwe mbele ya watu aapishwe kwa Kurani kuwa hakugusa tawi lile.

Alhamisi mchana Ruweyda aliingia ofisi ya walimu, ambamo Musembi alikuwa peke yake akisahihisha madaftari. Alisimama mbele ya meza, mikono imeshikana.

"Mwalimu, kesho mzee wa watu ataapishwa kwa kosa letu. Nimenyamaza kwa heshima yako. Eeddo analia, mimi niko hapo hapo karibu naye, nanyamaza. Siwezi tena. Utasema wewe, ama niseme mimi?"

Musembi aliweka kalamu chini. Aliona haya mbele ya mtoto kuliko alivyowahi kuona mbele ya mkubwa yeyote. "Nitasema mimi," akajibu.

Ijumaa watu walifurika uwanjani mbele ya msikiti. Barre alikuwa ameshasogea mbele, mkono wake mkavu umenyooshwa kuelekea Kitabu, Musembi alipojipenyeza katikati ya wazee.

"Msimwapishe," alisema. "Tawi nililiondoa mimi. Nilikuwa natafuta njia ya matembezi ya shule. Sikujua maana yake."

 Barre aliurudisha mkono wake taratibu.

"Mimi nimeitwa mwizi mbele ya watoto yangu," alisema. "Kijana yangu ameshonwa kichwa. Wewe ulikuwa wapi, mwalimu?"

 Mzee Nunow alimtazama mwalimu kwa huzuni zaidi ya hasira. "Hukujua, sawa. Mgeni hawezi jua kila kitu. Lakini watoto yetu tunaleta kwako kila siku wakuulize, na hakuna mtu anawacheka. Wewe ungetuuliza, nani angekucheka?"

Hilo lilimwingia Musembi kuliko kipigo. Wazee walimrudishia Barre heshima yake, wakapanga matibabu ya kijana wake, na wakamwamuru Musembi amsaidie Rukiyo kumfikisha kisimani ng'ombe aliyebaki. Rukiyo alikuwa amesimama upande wa wanawake. Hakupiga kelele wala hakumlaani. Alisema neno moja tu mwalimu alipopita karibu naye: "Kila jioni nilikuwa mlangoni kwako, mwalimu. Na hukuniuliza."

Kesho yake alfajiri waliondoka, Rukiyo mbele, Musembi nyuma, na ng'ombe katikati, mbavu zake zikihesabika. Musembi alibeba maji mgongoni, akamnywesha mnyama kwa sufuria kila walipopumzika. Jua lilipopanda, ng'ombe alipunguza mwendo. Adhuhuri alipiga magoti. Walimsukuma, wakamshika pembe na mkia, akainuka na kupiga hatua chache, kisha akalala chini ubavu wake wa kushoto na kunyoosha shingo.

Musembi alichutama kando yake. Chupa zote zilikuwa tupu, na kisima kilikuwa mbali, nyuma ya kilima kingine. Alimgeukia yule mwanamke, na kwa mara ya kwanza tangu afike Bute, akamuuliza mwenyeji jambo asilolijua.

"Mama, tufanye nini?"

Rukiyo alikuwa amekaa chini mchangani. Alikuwa ameweka mkono juu ya shingo ya ng'ombe wake, akiisikia pumzi inavyokwenda na kupungua.

"Sasa hata mimi sijui," alijibu.

Musembi aliinamisha kichwa akalia, wala hakujificha. Swali lile angeliuliza kabla ya kuligusa tawi, mtoto yeyote wa mfugaji angelijibu. Hakika, kuuliza si ujinga.