Kidani cha Zimwi la Kwembago

Paukwa!

Pakawa!

Mwenye masikio?

Tumeyaleta.

Mwenye usingizi?

Tumemwacha ndani.

Basi, hapo kale katika kijiji cha Kwembago palikuwa na wake wenza wawili, Siwema na Zawena. Siwema alikuwa mtunga shanga. Zawena alisokota nyuzi za mkonge. Walichukiana. Hawakuazimana moto, hawakuazimana chumvi, hawakuazimana hata neno la asubuhi.

Siwema hakujaliwa mtoto. Zawena alikuwa na binti mmoja, Kidawa, na kila alipomwita alimwita kwa sauti kubwa ili mwenzake asikie.

Siku moja mume wao akiwa safarini, Kidawa alikwenda kisimani. Zimwi likatoka kwenye magugu, likamkamata, likampeleka pangoni kwake. Kisha likapaza sauti kijiji kizima kikasikia.

"Mazimwi wenzangu wananicheka ngomani kwa shingo tupu. Mtunga shanga aniletee kidani kisichokatika, nitamrudisha huyu mtoto."

Watu wakafunga milango. Zawena akaenda kusimama kwenye mlango wa Siwema, mahali ambapo hakuwahi kusimama.

"Umesikia?" akasema.

"Nimesikia."

"Basi?"

"Siku zote waniita mti usiozaa. Leo wataka nini kwa mti usiozaa?"

Zawena akasema, "Nichukie mimi. Kidawa hajakukosea."

Siwema akamtazama sana, kisha akaingia ndani kutafuta sindano.

"Chukua uzi wangu," Zawena akasema.

"Uzi wako siugusi."

Basi Siwema akatunga kidani kwa uzi wake wa pamba, shanga moja nyuma ya nyingine. Wakakipeleka pangoni. Kidawa alikuwa amefungwa kwenye jiwe, macho yamemvimba kwa kulia. Zimwi likakivaa. Likavuta pumzi, shingo ikavimba, kidani kikakatika, shanga zikamwagika.

"Shingo yangu nene, huruma yangu nyembamba," likasema. "Hiki hakinifai."

Siwema akarudi, akatunga kingine kwa uzi ule ule, safari hii ameukunja mara mbili. Zimwi likakivaa. Likavuta pumzi, shingo ikavimba, kidani kikakatika, shanga zikamwagika.

"Shingo yangu nene, huruma yangu nyembamba. Hiki hakinifai. Kesho mkikosea, namla mbele yenu."

Njiani Zawena akasema, "Kiburi chako kitamuua mwanangu."

Walipofika Siwema akanyoosha mkono bila kumtazama. "Lete huo uzi."

Akakaa chini, akafikiri. Kidani cha mstari mmoja hukatika mahali pamoja, kikaisha chote. Basi safari hii hakutunga kwa mstari. Kila ushanga aliukalisha kwenye pengo kati ya wenzake wawili, kama meno ya mamba yanavyofumbana. Uzi ukaingia, ukarudi, ukaingia tena. Kidani kikawa kipana, kizito, kimeshikana kama ngozi. Zawena alikaa mbele yake akisokota, na uzi ulipokaribia kwisha alimpa mwingine. Walikaa hivyo mpaka kazi ikaisha.

Wakaenda. Zimwi likakivaa, Siwema akakifunga nyuma kwa fundo. Likavuta pumzi, shingo ikavimba, kidani kikashika.

"Shingo yangu nene, huruma yangu nyembamba," likasema likicheka. "Hiki kinanifaa. Sasa nitamla mtoto, kisha niwale ninyi, niende ngomani nimeshiba."

Likamng'oa Kidawa pale jiweni, likaachama, likamtia miguu kinywani. Lakini zimwi halitafuni, humeza, na ili limeze lazima koo litanuke. Koo likataka kutanuka. Kidani kikakataa.

Zimwi likakohoa. Macho yakatoka. Likamtema Kidawa, lakini shingo iliyokwisha kuvimba haikunywea tena; likaanguka magoti, makucha yakiparuza shanga bila kupata pa kuanzia.

"Kata," likakoroma. "Kata, nitawapa ng'ombe."

Siwema alikuwa na kisu kiunoni. Akamtazama Zawena.

"Mwana ni wako. Sema wewe."

"Usikate," Zawena akasema.

Wakasimama pale mpaka zimwi likatulia. Hakuna aliyegeuza uso.

Wakarudi Kidawa akiwa katikati, mkono mmoja kwa huyu, mkono mmoja kwa huyu. Karibu na nyumbani Zawena akasema, "Usidhani sasa nakupenda."

"Nami sikupendi," Siwema akajibu. "Huyu mtoto ana njaa. Nyumba gani ina chakula?"

"Kwangu hakuna. Sijapika tangu juzi."

"Basi atakula kwangu."

Zawena akafikiri kidogo, akaachia mkono wa binti yake.

Hadithi yangu imeishia hapo, mlangoni kwa Siwema. Nanyi mjue hili: wakubwa wakigombana, mtoto asiwe ndiye anayelipa.