Chumba cha Kisimani

"Mpangaji ajua vyumba, mwenye nyumba ajua nyumba."

Asubuhi hii mmemsikia mama yenu akimpiga nayo mjomba wenu, alipopata habari kwamba kamwingiza rafiki yake kwenye nyumba aliyopanga bila kumwambia mwenye nyumba. Mjomba akanuna, nyinyi mkacheka, na sasa mmekuja kuniuliza maneno hayo yametoka wapi. Haya, kaeni. Methali hii ilianza hivi.

Palikuwa na mjane pale Korogwe, jina lake Mwantumu. Alikuwa amepanga nyumba nzima: vyumba vitatu kushoto, vitatu kulia, ukumbi katikati, na uani kisima. Mumewe alipofariki na binti zake wakaolewa, nyumba ilimpwaya kama kanzu ya kuazima. Akikohoa ukumbini, kikohozi kinamrudia mwenyewe. Aliipenda nyumba ile, ila upweke ulikuwa unamla.

Majirani wakamshauri apangishe vyumba vilivyobaki, kimyakimya. Mwantumu alikuwa na ulimi mkali, lakini cha mtu alijua ni cha mtu. Akakamata jogoo wake, akaenda shambani kwa mzee Mbelwa, mwenye nyumba, kuomba ruhusa.

"Pangisha, mwanangu," mzee alisema. "Nyumba isiyo na watu huliwa na mchwa. Ila chumba cha kisimani, usimtie mtu mpaka uniulize."

"Naelewa, baba. Kile kina unyevu."

"Ah, unyevu hapo haukosekani," mzee akajibu, na mazungumzo yakahamia kwenye jogoo.

Mwantumu akarudi moyo mweupe. Chumba cha nyuma, kinachotazama kisima cha uani, akakipiga kufuli. Cha mbele, mkono wa kulia ukiingia, akakipaka chokaa na kumpa mwanamke kijana aitwaye Zaliha, aliyekuja na mtoto mchanga mgongoni na kinu kikubwa juu ya mkokoteni. Riziki yake ilikuwa kutwanga mchele na kupika vitumbua.

Kiangazi alitwanga uani. Masika yalipoingia akakihamishia kinu chumbani, na hapo ndipo maajabu yalipoanza.

Kinu kikilia "tu!", kitu chini ya sakafu kinaitikia "tuuu", polepole, kama mtu aliyeamshwa usingizini. Mwantumu alikuwa ukumbini anachambua mchicha. Akaacha mchicha, akasikiliza. Zaliha akaacha kutwanga, kukawa kimya. Akatwanga tena, kikaitikia tena.

"Mama Mwantumu," Zaliha akaita, "chumba kinaniitikia!"

Habari haikulala ndani. Majirani wakasema ni jini, limekuja na yule binti, afukuzwe kabla halijazoea nyumba. Mwantumu aliogopa, tena sana. Mzee akisikia nyumba yake imeingia jini, ataondoa ruhusa, na huenda akamtoa na yeye mwenyewe. Lakini akinyamaza, atakuwa amemwacha Zaliha na kitoto chake juu ya kitu asichokijua. Akakitazama kile kitoto kinavyonyonya, huruma ikamshinda.

"Aliyenipa ruhusa ndiye wa kuulizwa," akajisemea. Akajitanda khanga, akatoka na mvua.

Mzee Mbelwa alikuwa anakula. Aliposikia kwamba sakafu inaitikia, tonge likabaki mkononi.

"Umemweka chumba gani?"

"Cha mbele, baba. Cha kisimani nimekifunga, kama ulivyosema."

"Kipi hicho cha kisimani?"

"Si kile cha nyuma, karibu na kisima?"

Mzee akasimama bila kunawa. "Mwantumu! Kisima cha uani nimekichimba mimi, ukubwani. Cha kisimani ni hicho cha mbele! Kisima cha babu yangu kimo chini yake, kimefunikwa magogo!"

Lori la mkonge likawapa lifti. Walipokaribia nyumba wakausikia mchi: Zaliha anatwanga, maana riziki haingoji hofu, na chini kunaitikia.

Mzee hakupiga kelele. Alisimama kwenye mlango wa chumba, ndani ya nyumba yake mwenyewe, akasema taratibu, "Hodi, mwanangu."

"Karibu, babu."

"Siingii. Laza mchi chini, polepole. Nipe huyo mtoto aliye kwenye mkeka. Sasa njoo na wewe, unyate kama mwizi wa vitumbua."

Zaliha alitaka kucheka, lakini uso wa mzee ulimkataza. Akanyata. Alipovuka kizingiti tu, ufa ukakizunguka kinu. Kinu kikainama, kikazama na sakafu yake, kikaenda. Wakangoja. Wakaendelea kungoja. Kisha, kutoka chini sana, ikapanda sauti ya maji.

Ubaridi ukawapiga usoni, na harufu ya maji yasiyojua jua. Mzee akamulika kurunzi. Wakaona ukuta wa mawe yaliyopangwa kwa mkono, ukishuka na kushuka, na mwisho wake nuru yao wenyewe ikiwatazama.

"Subhanallah," Mwantumu akanong'ona. Chumba kile alikuwa akikifagia kila Ijumaa. Ndani yake aliwachezea ngoma binti zake walipoolewa, wanawake tele wakipiga miguu. Akakaa chini. "Baba, nisamehe. Kumbe mimi nilijua vyumba tu. Nyumba unaijua wewe."

"Kosa si lako peke yako," mzee akasema. "Nilikupa jina la chumba, sikukupa kisa chake. Na kama usingekuja kuuliza, leo tungekuwa tunazika. Ruhusa yako iko palepale. Mpeleke binti kwenye kile chumba ulichokifunga."

Basi Zaliha akahamia chumba cha nyuma, kilichokuwa kimemngoja muda wote kwa sababu Mwantumu alitii neno alilolielewa kombo. Mzee akamnunulia kinu kipya. Kile cha zamani hakijapanda hadi leo.

Na huyo mtoto aliyekuwa kwenye mkeka? Ndiye mama yenu. Mikono iliyompokea mlangoni ni ya mzee Mbelwa, na iliyompa ni hii hapa yangu, itazameni. Sasa nendeni mkamwambie mjomba wenu, mwanangu mwenyewe, akapige hodi kwa mwenye nyumba kabla jua halijazama, na akiuliza kwa nini, mwambieni: mpangaji ajua vyumba, mwenye nyumba ajua nyumba.