Matusi Yaliyohifadhiwa kwa Tarehe

Sogeeni, na wenye usingizi wakalale. Hadithi hii inaniudhi kila ninapoisimulia, kwa hiyo nikipaza sauti msishtuke.

Palikuwa na watu watatu mjini Muheza, ghorofani juu ya duka la mabati, wakitengeneza programu ya simu ya kuwasomea wanafunzi wasioona kitabu cha hisabati. Ambakisye, mchapaji wa sura za kitabu, alikuwa na jicho: hakuna kosa lililompita, hasa la mwenzake. Shekivuli alikuwa na ujuzi wa kompyuta. Wa tatu, mwalimu Sikudhani, alikuwa na sikio: alisikiliza kila sura na kurekebisha inavyosomwa. Alifundisha wasioona miaka kumi na moja, akaacha darasa lake kwa ajili ya kazi hii, na mambo ya programu hakuyajua hata kidogo. Mkataba ukiisha, mmoja tu angebaki kwa ajira ya kudumu. Sikudhani akiikosa, hana darasa na hana programu.

Siku ya kwanza Shekivuli akawawekea Git, programu ya kompyuta inayotunza kila toleo la kazi, ili ukiharibu leo uweze kuirudia ya jana. Kila ukihifadhi, inakudai uandike umefanya nini.

"Kwani yenyewe haioni?" Sikudhani akafoka.

"Mwalimu, ukiacha patupu inakataa."

"Basi nitaiambia!"

Na akaiambia, wallahi. Wenzake waliandika "marekebisho", "marekebisho", "marekebisho". Yeye aliandika: "Ambakisye ameniletea sura ya tano bila alama za kujumlisha. Nimezitia mwenyewe, mara ya tatu. Ana ugomvi gani na kujumlisha?" Siku nyingine: "Sura ya sita imekuwa bubu. Namtafuta Shekivuli, yuko kwenye chai. Yuko kwenye chai tangu azaliwe."

Miezi minne ikapita hivyo. Siku tatu kabla ya wakaguzi kuja kuisikiliza programu, kompyuta ya Sikudhani ikagoma kuwaka. Fundi akaifungua, akasema diski imekufa.

"Hakuna neno," akasema Sikudhani. "Kazi yangu iko kwenye Git."

Shekivuli akatazama hifadhi yao ya pamoja mtandaoni. Ya Sikudhani hamna, hata mstari mmoja. "Mwalimu, ulikuwa unahifadhi tu? Hukutuma?"

"Kutuma wapi?"

"Ukihifadhi, inabaki kwenye mashine yako. Ukituma ndipo inafika huku. Nilikuonyesha siku ya kwanza."

"Ulinionyesha dakika mbili, mdomo umejaa karanga! Na miezi minne unaona huku hamna kitu changu, umenyamaza?"

"Nilidhani unangoja umalize kwanza."

Ndipo Ambakisye akatoa fleshi mfukoni, taratibu, kama mtu anayekiri kosa. Kila Ijumaa Sikudhani akienda kuswali, yeye alinakili folda yake nzima, kumbukumbu zote ndani, ili siku moja ampelekee mkurugenzi ajionee Sikudhani anavyomtukana yeye Ambakisye.

"Umekuwa ukiingia kwenye kompyuta yangu?"

"Ulikuwa ukinitukana!"

"Mwizi we!"

Wakaifungua fleshi. Kazi ipo, lakini toleo la mwisho ni bubu kuanzia sura ya sita. Sikudhani aliliharibu mwenyewe bila kujua. Nyuma yake kuna matoleo mia moja na arobaini, na kuyajaribu moja moja ni kazi ya wiki nzima. Wakaanza kusoma maelezo, tusi baada ya tusi, hakuna aliyeweza kumtazama mwenzake usoni, mpaka wakafika hapa: "Jumanne. Sura ya sita inasoma yote, hadi grafu. Atakayeigusa tutagombana." Shekivuli akaandika amri moja tu, na kazi ikarudi kwenye Jumanne ile. Programu ikasema. Wakaguzi wakaja, wakasikiliza, wakaipitisha.

Mkurugenzi, Mama Mbwambo, akawaita ofisini.

"Bila fleshi yangu mngekuwa mnalia mpaka leo," akaanza Ambakisye.

"Bila Git yangu ungenakili nini?" akadakia Shekivuli. "Toleo moja bubu! Na nani mwingine alijua kulirudisha lile zima?"

"Na bila matusi yangu ungerudi wapi?" Sikudhani akapiga meza. "Kwenye marekebisho yapi, baba? Niambie, yapi?"

Mama Mbwambo akachoka nao. Akasukuma karatasi mezani. "Nafasi ni moja. Andikeni jina moja, mtie sahihi wote watatu, kabla ya adhuhuri. Mkishindwa naifuta."

Sikudhani ndiye aliyeikamata kalamu. Alitaka jina lake liwe karatasini kuliko alivyowahi kutaka kitu. Lakini mmoja alimwibia, na wizi ule ndio ulioiokoa kazi. Mwingine alimfundisha ovyo, na mafundisho yale ndiyo yaliyoirudisha. Yeye mwenyewe ndiye aliyesahau kutuma. Kila alipojaribu kumtoa mmoja kwenye hesabu, watoto wasioona wakabaki na simu bubu mikononi, na jambo hilo ndilo lililomkasirisha kupita yote. Saa sita kasorobo.

Haya, kalamu nawakabidhi nyinyi. Na asije mtu akaniambia wagawane, maana nimeshasema nafasi ni moja! Wewe hapo unayetabasamu, ungeandika jina la nani, na hao wawili ungewaambia nini mpaka watie sahihi?