Mgao wa Waziri Zamaradi

Katika ufalme mmoja usio na bahari, mafuta yote yaliletwa kwa malori kutoka nchi jirani. Majirani walipoanza kupigana wenyewe kwa wenyewe, Mfalme alimwita Bi Zamaradi, waziri wake wa nishati.

"Nipangie mgao kabla mafuta hayajakatika," alisema. "Lakini taa za hospitali zikizimika hata mara moja, ofisi hiyo utamwachia mwingine."

Zamaradi aliupanga hadi macho yakamuuma. Hospitali kwanza, kisha mashine za maji, vinu vya unga, mabasi. Bado roho yake haikutulia. Akaamuru pampu za mafuta zifungwe na watu waanze kuishi kwa mgao, ilhali matangi ya serikali yalikuwa bado yamejaa.

Mawaziri wenzake walimcheka. "Anatufungisha saumu na ubwabwa uko mezani!"

Haukupita muda, daktari mkuu akapiga simu. "Mheshimiwa, jenereta letu linakaribia kuzima. Mgao wetu uko wapi?"

Zamaradi alikimbilia bohari. Mafuta ya hospitali yalikuwepo, kamili. Lori la kuyapeleka lilikuwa limesimama, dereva ameegemea mlango.

"Mbona hujaondoka, kaka?"

"Niondoke na nini, mama? Umempangia kila mtu mafuta, isipokuwa lori linalowapelekea. Au tulisukume?"

Zamaradi aliagiza lori lijazwe, nalo likafika hospitali kabla taa hazijazimika. Angeweza kunyamaza. Badala yake alikwenda moja kwa moja kwa Mfalme, akalieleza kosa lake mbele ya baraza zima.

"Ungelificha, nisingejua," alisema Mfalme.

"Ningelificha, Mtukufu, lingetungoja siku ambayo matangi ni matupu. Nilifunga pampu mapema ili nilitafute. Nimelipata, na nahofia yapo mengine."

Mfalme alitabasamu.

"Basi endelea kutafuta. Na pampu ya kasri, mbona haijafungwa?"

Zamaradi aliinamisha kichwa. "Hilo ni kosa la pili, Mtukufu. Niliogopa."

"Kaifunge."

Malori ya jirani yalipokoma kweli, Mfalme alikwenda barazani kwa miguu, jasho likimtoka kama kila mtu. Na hospitalini watoto waliendelea kuzaliwa kwenye mwanga.

Funzo: Jaribu mpango wako mapema, na ukiliona kosa lako liseme, maana kosa linalofichwa wakati wa neema huwaumiza wengi wakati wa shida.