Kwa Nini Shangazi Huugonga Mvule Kabla ya Harusi

Wageni wetu, zamani hapa milimani Upare harusi haikusubiri kitu. Ngoma ikifika chini ya mvule mkubwa, watu walicheza papo hapo. Mti ule ulikuwa mpana kuliko nyumba, na hakuna aliyewaza kwamba nao unaweza kuugua.

Siku ya harusi ya Nakiete kijiji kizima kilikuwa kikichemka. Vigelegele vilipokezana na pembe, vyungu vya pombe vilijaa mizizini, na wachezaji walikanyaga hadi vumbi likapanda. Namkunda, shangazi wa bibi harusi, aliegemea shina apumzike kidogo. Ndipo mgongo wake ulipohisi kitu: kila ngoma ilipolia, mti nao ulitetema. Akachukua mchi wa kutwangia, akalizunguka shina akiligonga. Upande wa mashariki ulijibu ko, ko, mlio mkavu. Upande wa magharibi, palipoota uyoga mgumu kama masikio, ulijibu bum, kama mtungi mtupu.

Akaomba ngoma ihamie uwanjani. Mzee Kiangi, baba wa bwana harusi, alikataa katakata. Kuukimbia mvule, alisema, ni kuwadharau wote waliooana chini yake. Wapigangoma wakasita. Macho yote yakamgeukia bibi harusi.

"Baba, unisamehe," alisema Nakiete. "Shangazi ndiye aliyenilea. Akiogopa yeye, mimi sichezi hapa."

Akamshika shangazi mkono, akatoka juani. Bwana harusi akamfuata, kisha vijana, kisha wapigangoma wakikimbia huku wanapiga. Mzee Kiangi alitoka wa mwisho, amenuna, na kabla hajafika uwanjani mti ukapasuka. Upande wote wa magharibi uliporomoka juu ya vyungu. Watu walikumbatiana, wanalia, wanacheka.

Mzee Kiangi aliagiza shoka ili kilichobaki kikatwe. Namkunda akakigonga tena, polepole, hadi mizizini.

"Hapa ni pazima, mkwe wangu," alisema. "Sikiliza mwenyewe."

Mzee akapokea mchi, akagonga, akatega sikio. Shoka likarudishwa nyumbani, na ngoma ikalia hadi jua likazama.

Na tangu siku hiyo, harusi zetu huanza kwa kimya. Shangazi wa bibi harusi huuzunguka mvule akigonga, nasi tunabana pumzi. Yule pale, amebakiza mzizi mmoja tu. Wapigangoma, kaeni tayari!